Kelele Zisizosikika: Mashine za Viwandani na Vifaa vya Afya Visivyo na Waya

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, serikali ya Kijerumani ilijenga mjini Bukoba kituo cha simu ya upepo. Kituo hicho kilikuwa na thamani kubwa ya kivita, kiasi kwamba mwezi Juni 1915 majeshi ya Uingereza yalipanda meli Kisumu, yakavuka Ziwa Victoria na kuushambulia mji kwa lengo kuu la kukiharibu. Mitambo ya simu ya upepo ya zama hizo ilituma ujumbe kwa cheche: umeme uliruka kati ya ncha mbili za chuma, na kila mruko ukazaa wimbi lililosafiri hewani hadi kwenye antena ya mbali.

Cheche haijabadili tabia yake tangu wakati huo; kilichobadilika ni kazi yake. Leo fundi anayechomelea mageti kando ya barabara ya Bukoba na Muleba, mota ya mashine ya kukoboa kahawa, na swichi kubwa inayowasha majokofu ya kiwanda cha samaki, vyote hutupa hewani mawimbi ya aina ileile, ila ndani yake hamna ujumbe wowote. Mawimbi hayo yasiyo na ujumbe ndiyo yanayoitwa kelele za sumakuumeme. Masikio yetu hayazisikii, lakini simu, redio za mkononi na vifaa vya tiba visivyo na waya huzisikia, na wakati mwingine huzidiwa nazo. Makala haya yanaeleza kelele hizo zinatoka wapi, zinavurugaje mawasiliano, na kwa nini mhudumu wa afya anapaswa kuzihesabu miongoni mwa mambo yanayogusa usalama wa mgonjwa.

Kelele huzaliwaje

Mkondo wa umeme unaobadilika ghafla huzaa mawimbi ya sumakuumeme. Mwanafizikia Heinrich Hertz alianza kulithibitisha jambo hili kwa majaribio mwaka 1887, na chombo alichokitumia kilikuwa cheche. Kadiri mabadiliko ya mkondo yanavyokuwa ya haraka, ndivyo mawimbi yake yanavyotapakaa katika masafa mengi kwa pamoja.

Katika mazingira ya kazi, vyanzo vikuu ni vitatu. Cha kwanza ni cheche zenyewe: mashine za kuchomelea, brashi za mota, swichi kubwa zinazofungua na kufunga mara kwa mara, na plagi za injini za petroli. Cha pili ni umeme unaokatwakatwa kwa kasi ndani ya vifaa vya kielektroniki. Vidhibiti mwendo vya mota, inveta za umeme wa jua, chaja, na baadhi ya taa za LED za bei nafuu huukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato huacha mabaki ya mawimbi. Cha tatu ni mitambo iliyokusudiwa kurusha mawimbi: redio za walinzi, minara, simu zetu na vifaa vya Wi-Fi. Kwa yule anayeyatumia, mawimbi haya ni ujumbe. Kwa jirani anayetumia kifaa kingine katika masafa yaleyale, ni kelele.

Kelele husafiri kwa njia mbili. Hupita hewani kama wimbi, na hupita ndani ya nyaya. Njia ya nyaya husahaulika mara nyingi. Mashine iliyo mtaa wa pili inaweza kuingiza kelele katika jengo lako kwa kuwa mnatumia transfoma moja, na waya mrefu wa umeme hugeuka kuwa antena inayoitawanya kelele hiyo ndani ya vyumba.

Jinsi kelele inavyoifunika ishara

Ishara inayofika kwenye simu ni dhaifu kuliko wengi wanavyodhani. Mahali palipo mbali kidogo na mnara, simu inaweza kupokea nguvu ya sehemu moja tu kati ya trilioni kumi za wati, na bado ikaweza kuzungumza. Balbu moja ya wati 10 hutumia nguvu mara trilioni mia moja zaidi ya hiyo. Kwa hiyo hata sehemu ndogo sana ya nguvu ya mashine, ikivuja katika masafa ya simu, yatosha kuleta madhara.

Kelele haiivunji ishara, huifunika. Watu wawili wakizungumza sokoni, sauti zao hazipungui muziki unapofunguliwa jirani yao, lakini kuelewana kunakwisha. Jambo linaloamua ni pengo kati ya kimo cha sauti na kimo cha kelele. Mwaka 1948 mhandisi wa Marekani, Claude Shannon, alionesha kwa hesabu kuwa pengo hilo, pamoja na upana wa masafa yanayotumika, ndilo linaloweka ukomo wa kiasi cha habari kinachoweza kupita bila makosa. Pengo likipungua, kifaa hurudia ujumbe uleule mara nyingi, huchelewa, humaliza betri upesi, na mwishowe hukata mawasiliano.

Si vifaa vyote vinavyoathirika sawa. Kelele za cheche na za vidhibiti mwendo huwa kali zaidi katika masafa ya chini, na hupungua kadiri masafa yanavyopanda. Ndiyo sababu redio ya masafa ya kati hukoroma karibu na mashine ya kuchomelea ilhali simu iliyo palepale yaendelea kufanya kazi. Redio za mkononi za walinzi, nyingi zikiwa kati ya megahezi 136 na 174, huathirika zaidi kuliko simu. Vihisi vya bei nafuu vinavyotumia megahezi 433 nao ni rahisi kusumbuliwa, kwa kuwa vipokezi vyake mara nyingi havina uwezo mzuri wa kuchagua ishara moja na kuyaacha mengine. Adui wakubwa wa Wi-Fi na Bluetooth, zinazotumia takriban gigahezi 2.4, ni maikrowevu na wingi wa vifaa vya Wi-Fi vyenyewe.

Tena, si kila mawasiliano mabaya yametokana na kelele. Paa la bati, matangi, na mashine kubwa za chuma huyazuia mawimbi au kuyarudisha nyuma, hata nakala mbili za ishara moja zikafika kwa nyakati tofauti na kufutana. Tofauti hutambulika kwa wakati. Kivuli cha chuma hakibadiliki saa zote mradi vitu havijahamishwa, ilhali kelele huja mashine inapowashwa na huondoka inapozimwa.

Mfano: zahanati na mashine ya kahawa

Mkoa wa Kagera hulima hasa kahawa ya robusta, ambayo kwa kawaida hukaushwa juani pamoja na maganda yake kisha ikakobolewa. Kwa hiyo mashine za kukoboa hazivumi mwaka mzima. Huvuma katika msimu. Tufikirie zahanati iliyo kwenye kijiji kama cha Kagoma, wilayani Muleba, yenye jokofu la chanjo. Ndani ya jokofu mna kihisi cha joto kinachotuma vipimo bila waya hadi kwenye kioo kilicho katika chumba cha muuguzi. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Kifaa kilifungwa mwezi Machi, kikajaribiwa, kikaonekana kizuri.

Msimu wa kahawa unapoanza, mashine iliyo mita thelathini kutoka hapo, inayotumia transfoma ileile, huwashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Kelele zake zinapanda juu ya ishara ndogo ya kihisi. Vipimo havifiki. Kioo cha muuguzi hakizimiki wala hakipigi kengele. Kinaendelea kuonesha namba ya mwisho kilichoipokea, nyuzi 5. Muuguzi anaandika 5 kwenye daftari asubuhi, na 5 tena jioni. Ikiwa siku hiyo jokofu limeharibika na joto limeshuka chini ya sifuri, chanjo kama ya homa ya ini aina ya B na ile ya pentavalenti, ambazo huharibika zikiganda, zitakuwa zimepoteza nguvu huku daftari likionesha kuwa mambo ni shwari. Mtoto atachomwa sindano, kadi yake itajazwa, lakini kinga haitakuwepo.

Hapo ndipo ilipo hatari kubwa ya jambo hili. Kelele inayokata simu katikati ya mazungumzo hujitangaza yenyewe, na aliyekatiwa huhangaika mpaka apate njia nyingine. Kelele inayokizuia kihisi kusema haijitangazi. Onyo lisilofika hufanana kabisa na hali ambayo haihitaji onyo. Vivyo hivyo kwa mfanyakazi wa kiwanda cha samaki ambaye usalama wake unategemea kihisi cha gesi ya amonia, gesi inayotumika sana katika majokofu makubwa ya viwandani, na kwa mgonjwa wa moyo ambaye mapigo yake yanatazamwa kwa kifaa kisicho na waya.

Funzo la Dallas

Tukio linalojulikana zaidi katika historia ya jambo hili lilitokea Dallas, Marekani, mwezi Februari 1998. Kituo cha televisheni cha WFAA kilianza kujaribu matangazo ya kidijitali katika chaneli ambayo hapo awali ilikuwa wazi mjini humo. Katika hospitali ya Baylor University Medical Center, vifaa visivyo na waya vya kufuatilia mapigo ya moyo vilikuwa vikitumia masafa hayohayo, na vikapoteza mawasiliano. Hakuna mgonjwa aliyeripotiwa kudhurika. Hata hivyo tukio hilo liliwastua wengi, kwa kuwa hapakuwa na mashine mbovu wala mtu aliyevunja sheria. Hospitali ilikuwa mgeni katika masafa yale, na mwenyeji alikuwa amerudi nyumbani. Mwaka 2000 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilitenga masafa maalumu kwa ajili ya vifaa vya aina hiyo, yakiwemo ya megahezi 608 hadi 614.

Funzo hili linatugusa moja kwa moja, kwa sababu hospitali nyingi za Afrika Mashariki hupokea vifaa vya msaada kutoka ng'ambo. Kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya Marekani huja na masafa ya Marekani. Megahezi 608 hadi 614, katika eneo letu la dunia, zimo ndani ya bendi ya utangazaji wa televisheni. Kifaa kinaweza kufanya kazi vizuri mwaka mzima, kisha kikanyamaza siku kituo kipya kinapoanza kurusha matangazo. Kabla ya kukiweka wodini, ni busara kuuliza masafa yake, na kuulizia matumizi ya masafa hayo kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ndiyo inayoyagawa nchini.

Kifaa cha tiba nacho huvurugika

Hadi hapa tumezungumzia mawasiliano yanayofunikwa. Kuna upande wa pili: mawimbi makali yanaweza kuingia katika kifaa cha tiba ambacho hakikukusudiwa kupokea mawimbi kabisa. Mwaka 2008 watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, walichapisha majaribio 123 ya kusogeza vitambulishi vya redio, vinavyotumika kufuatilia mali za hospitali, karibu na vifaa 41 vya tiba. Uvurugaji ulitokea mara 34, na mara 22 kati ya hizo ulihesabiwa kuwa wa hatari, kama vile pampu ya dawa kusimama au mashine ya kupumulia kuzimika. Majaribio hayo yalifanywa bila mgonjwa kuunganishwa.

Kiwango cha kimataifa kiitwacho IEC 60601-1-2 huwataka watengenezaji wahakikishe kuwa kifaa cha kutumika hospitalini chaweza kustahimili uga wa volti 3 kwa mita, na kile cha kutumika nyumbani volti 10 kwa mita. Simu ya kizazi cha pili ikirusha kwa nguvu yake ya juu ya wati 2, kwa hesabu ya nadharia, huzaa karibu volti 8 kwa mita kwa umbali wa mita moja. Jambo la kuzingatia vijijini ni kwamba simu huongeza nguvu ya kurusha pale ambapo mnara uko mbali. Hivyo simu iliyowekwa juu ya kitanda cha mgonjwa mahali penye mtandao hafifu hurusha mawimbi makali kuliko ileile ikiwa karibu na mnara.

Kiwango hichohicho huyahesabu mazingira ya viwanda vizito kuwa ya pekee, yanayohitaji kutathminiwa kivyake. Chumba cha huduma ya kwanza ndani ya kiwanda, basi, hakilingani na wodi wala na nyumba. Kifaa kinachofaa hospitalini hakistahili kudhaniwa kuwa kitafaa pale, hatua chache kutoka kwenye mota kubwa.

Wapo pia wafanyakazi waliowekewa betri ya moyo. Vifaa vya siku hizi vimekingwa vizuri, na wengi wao huishi na kufanya kazi kama kawaida. Watengenezaji kwa kawaida hushauri simu ikae umbali wa angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa. Kuchomelea ni jambo jingine: mkondo wake ni mkubwa na nyaya zake hupita karibu na mwili. Aliye na betri ya moyo asirudi kwenye kazi hiyo kabla ya kuzungumza na daktari wake, na daktari naye asisahau kumwuliza mgonjwa anafanya kazi gani.

Je, kelele hizi huleta ugonjwa?

Swali hili huulizwa kila mara, na linastahili jibu la wazi. Kelele zinazozungumziwa hapa ni dhaifu mno kwa mwili. Huvuruga vifaa kwa sababu vifaa hivyo vimetengenezwa kuhisi nguvu ndogo kupita kiasi, jambo ambalo mwili haufanyi. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, ushahidi ukiwa na mipaka. Utafiti umeendelea tangu hapo. Mjadala huo ni tofauti na huu wetu. Mgonjwa anayedhurika kwa kelele za sumakuumeme hudhurika kwa sababu onyo halikufika, simu haikupita, au pampu ilisimama.

Hatua za kuchukua

Tiba ya kelele hufuata sehemu tatu: chanzo, njia, na mwathirika.

Kwenye chanzo, mashine itunzwe. Brashi za mota zilizolika na swichi zilizoungua hutoa cheche zaidi, hivyo matengenezo ya kawaida hupunguza kelele pamoja na hatari ya moto. Kidhibiti mwendo cha mota kifungwe kichujio, na waya unaokwenda kwenye mota uwe mfupi, wenye kivisho cha chuma kilichounganishwa na ethi. Ethi mbovu ni chanzo cha matatizo mengi, na kuikagua si gharama kubwa.

Kwenye njia, umbali ndio dawa rahisi. Kusogeza kipokezi mita chache kutoka kwenye ubao wa swichi au kwenye nyaya nene kunaweza kutosha. Nyaya za umeme mkubwa zisilale sambamba na za vifaa vya tiba. Kituo cha afya kinachojengwa jirani na karakana kiombe, ikiwezekana, transfoma yake.

Kwa mwathirika, chagua kifaa kinachojua kusema kuwa kimepoteza mawasiliano. Hili ndilo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji: ishara isipofika kwa dakika kumi, je, kioo kitafuta namba ya zamani na kupiga kengele? Ikiwa jibu ni hapana, kifaa hicho kisitegemewe peke yake. Palipo na uwezekano, waya uachwe ufanye kazi yake. Kihisi kilichounganishwa kwa waya wenye kivisho hakigombanii hewa na mtu.

Kutafuta chanzo cha kelele hakuhitaji vipimo ghali kwa kuanzia. Chukua redio ndogo ya betri, iweke kwenye masafa ya kati mahali pasipo na kituo, kisha tembea nayo taratibu. Mkoromo utaongezeka unapokaribia mashine au waya unaovuja. Zima mashine moja baada ya nyingine kwa makubaliano na wenyewe, uandike saa na matokeo. Redio hiyo haithibitishi kinachotokea katika masafa ya simu au Wi-Fi, lakini mara nyingi huonesha pa kuanzia. Tatizo likizidi uwezo wa fundi, taarifa ipelekwe TCRA. Kasoro ya kifaa cha tiba iripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na hatari iliyo kiwandani kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA.

Vifaa visivyo na waya vijaribiwe mashine zikiwa zinafanya kazi. Jaribio lililofanywa siku ya Jumapili, karakana zikiwa zimefungwa, au nje ya msimu wa kahawa, halithibitishi chochote kuhusu siku ya kazi.

Mwisho, uhai wa mtu usining'inizwe kwenye njia moja ya mawasiliano. Katika mfumo wa M-Mama, usafiri wa dharura wa mama mjamzito au mtoto mchanga huombwa kwa kupiga simu namba 115. Kila zahanati ijue mapema ni sehemu gani ya jengo au ya uwanja ambapo simu hupita hata mashine ya jirani ikiwa inavuma, na ni laini ya mtandao gani inayoshika vizuri pale. Sehemu hiyo iandikwe ukutani karibu na kitabu cha zamu. Na mhudumu anayepokea zamu, akiona kioo kimeonesha namba ileile tangu asubuhi, asifurahie utulivu huo; afungue jokofu asome kipimajoto kilichomo ndani, na aende kitandani akamshike mgonjwa mkono ahesabu mapigo yake.